Ufa Chini ya Shela

Zege huwa baridi. Jua liwake nje mpaka bati lilie, ndani ya jengo lililofungwa ukilaza kiganja chini zege litakupokea kwa ubaridi wake, na mtu aliyezeekea kwenye kazi ya sakafu analijua hilo kama anavyojua ladha ya chumvi. Ndiyo maana Rangi alipolaza kiganja juu ya ufa, kwenye kona ya nyuma ya duka la Mama Shela, akakuta pana joto, alidhani mkono wake ndio wenye homa. Akajaribu wa kushoto. Joto lilelile. Halikuwa joto la jua wala la moto. Lilikuwa joto la kitanda ambacho mtu ametoka kuamka sasa hivi.

"Kaka," akaita, "hebu njoo uguse hapa."

Kaka yake hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya mashine ya kusagia sakafu, anaifunga meno mapya. Watu wa kazi walimwita Msasa, kwanza kwa kuwa yeye ndiye msagaji, na pili kwa kuwa maneno yake yalikwaruza. Dada mtu walimwita Rangi, kwa sababu kwenye zile sakafu zao za epoksi, zinazong'aa kama lulu iliyoyeyushwa, mkono uliochanganya rangi ulikuwa wake. Kaka husaga, dada humwaga. Walikuwa wameifanya kazi hiyo pamoja tangu mama yao afariki, na mmoja akikohoa mwenzake alijua anataka nini.

"Litakuwa bomba la maji ya moto la jirani," Msasa akasema.

"Jirani ana stoo ya viti."

"Basi viti vina homa."

Rangi akacheka, maana kaka yake alikuwa na ulimi, lakini mkono wake aliufuta kwenye suruali.

Jengo lile lilikuwa kiwanda cha mikate zamani. Tanuri lilisimama kwenye kona ileile, likavunjwa, kisha milango ikafungwa na nyumba ikakaa miaka mingi bila mtu, na majivu yake na giza lake. Mama Shela, aliyekodisha magauni ya harusi, ndiye aliyeifungua. Alitaka ukumbi wa kuonyeshea magauni yake, sakafu ya bluu iliyochanganyika na weupe wa fedha. "Bibi harusi akiingia," aliwaambia, "nataka aone amesimama juu ya mawingu." Msimu wa harusi ulikuwa mlangoni. Msasa naye alikuwa na haraka zake. Mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi mtoto wa kiume, wa kwanza, baada ya kungoja mpaka watu wakaacha kuuliza, na kila alipoweka zana chini ungemwona anaitazama simu, akitabasamu peke yake kama mwizi aliyepona.

Basi akasaga. Mashine ilinguruma asubuhi yote, vumbi likavutwa na bomba, zege likatoka safi na jeupe. Alipoizima ili asogeze waya, kimya hakikuja. Nyuma ya ule mngurumo uliokufa kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, imejificha humo muda wote. Kilio, kama cha paka mchanga.

"Paka kazalia huko chini," Msasa akasema.

"Paka apite wapi? Huo ufa hauingizi hata kidole."

"Panya, basi. Kila nyumba ina wapangaji wake."

Rangi alilala kifudifudi akatega sikio. Kilio kilikatika. Akasikia kitu kikivuta makamasi, polepole, kama mtoto anayejikaza asisikike.

Marehemu mama yao hakuwa akimwaga maji ya moto chini hivihivi. Hata akiyamwaga mferejini, alisema kwanza, "Pisheni jamani, kuna moto unapita." Wao wakiwa wadogo walimcheka, naye aliwaambia kuna wanaokaa pale tusipokaa sisi, wana nyumba zao na watoto wao, na ukimuumiza mtoto wa mtu usitegemee mtu huyo akuulize kwa adabu.

"Kaka, kabla hujauziba ufa waambie wapishe," Rangi akasema. "Hata kwa mzaha."

"Niwaambie akina nani?"

"Waliopo."

"Mimi naongea na zege kwa mashine. Nenda kaoshe roli zako za kupakia rangi, tutachelewa."

Rangi alikuwa ameshachanganya ndoo ya kwanza, na hilo lilimsumbua alipokuwa nje bombani. Epoksi ni vitu viwili vinavyokaa kwa amani mpaka uvikutanishe, yale mafuta mazito na kigumishi chake. Vikishakutana huanza kupashana moto, na ukiviacha vimerundikana ndooni badala ya kuvimwaga vikatawanyika, vinajipika vyenyewe, vinatoa moshi, ndoo inalegea. Ndoo ya namna hiyo hutolewa nje ikaachwa ipoe mbali na watu. Rangi alikaza mwendo kurudi, akaikuta harufu mlangoni. Haikuwa harufu ya dawa aliyoizoea. Zilikuwa nywele zilizoungua.

Msasa alikuwa amesimama kwenye kona, ndoo imening'inia mkononi, iko tupu, bado inafuka. Ufa ulikuwa umejaa mpaka juu, unachemka povu dogodogo la rangi ya asali.

"Ilishaanza kupata moto," akasema bila kumtazama. "Nikaona isipotee bure. Nimeziba."

"Ulisema chochote kabla ya kumwaga?"

"Nimeziba, dada. Tuendelee na kazi."

Jasho lilikuwa likimtiririka kidevuni, na chini kulikuwa kimya kama vile kunavyostahili kuwa chini ya zege.

Wakaendelea. Walipaka tabaka la kwanza jeusi. Lilipokauka, Rangi alivaa viatu vyake vya misumari, vya kukanyagia dawa mbichi bila kuiharibu, akamwaga bluu na fedha kwa mistari, akaivuta kwa reki ya meno, akanyunyiza spiriti mpaka rangi zikafunguka kama maua, moshi juu ya moshi. Msasa alipita nyuma na kichomeo cha gesi akipasua mapovu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote walizowahi kufanya. Lakini kwenye ile kona rangi zilikataa kukaa. Kila Rangi alipozisukuma zirudi juu ya ufa, zilijitenga taratibu zikaacha doa jeusi, kama watu wanaompisha mgonjwa. Akasukuma tena, zikatengana tena. Mwishowe dawa ikaanza kukaza, ikabidi aache.

Kesho yake sakafu yote ilikuwa ngumu kama kioo. Katikati ya lile doa palikuwa na alama ya unyayo. Si unyayo uliobonyea, ambao angesema ni wa mtoto wa jirani aliyepenya. Ulikuwa umetuna kuja juu, vidole vyote vitano, umesukumwa kutoka chini. Ungetosha kwenye kiganja cha mtu mzima.

Msasa aliusaga, akapiga tabaka la mwisho la kung'arisha, wakafunga mlango, wakakabidhi funguo.

Haukupita muda, jioni moja Rangi akiwa anaanua nguo, simu ya Mama Shela ikaingia. Mama Shela alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, aliyezoea kuwanyamazisha mama wa maharusi. Siku hiyo alinong'ona.

"Mwanangu, njooni mmchukue mtu wenu."

"Mtu gani, mama?"

"Huyo mliyemsahau chini ya sakafu."

Rangi alimpigia kaka yake, simu ikaita mpaka ikachoka. Akaenda peke yake.

Jua lilikuwa limeshazama lakini mwanga haujatoka wote madirishani. Mama Shela alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya mlango, amepandisha miguu yote miwili, haijagusa sakafu. Magauni meupe yalikuwa yamevishwa masanamu yasiyo na vichwa, yamepangwa ukumbi mzima, yakingoja wateja.

"Usiwashe taa," Mama Shela akasema chini kwa chini. "Ukiwasha anahamia ukutani. Tazama tu. Tazama chini."

Rangi akatazama. Sakafu iling'aa vile alivyoikusudia, na kila gauni lilikuwa na mwenzake chini yake, miguu kwa miguu, weupe kwa weupe. Isipokuwa kwenye kona ya nyuma. Pale juu hapakuwa na gauni lolote, lakini chini palikuwa na mtu.

Alikuwa mwanamke, au kitu kilichochukua umbo la mwanamke kwa sababu kilikuwa na majonzi ya mwanamke, na alikuwa amepiga magoti upande wa chini wa sakafu kama vile mtu wa juu anavyopiga magoti upande wa juu, anapapasa ile sakafu iliyokuwa kwake dari, kwa viganja vyote viwili, inchi kwa inchi, anavyopapasa mtu aliyedondosha kitu gizani na hataki kuamini kwamba kimepotea, na kila kiganja kilipogusa sakafu Rangi alisikia mguso huo kwenye nyayo zake mwenyewe, tap, tap, taratibu, ukitoka kona ya nyuma ukija katikati ya magauni, ukipita chini ya shela moja baada ya nyingine, na pindo za shela zikitikisika ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa na feni haikuwa inazunguka, mpaka viganja vile vikafika chini ya viatu vyake vikatulia hapo, vikiwa vimefunguka, vimeshikana na soli zake kama mtu anayepima mguu wa mtoto kabla ya kumnunulia viatu.

"Nilitoka kutafuta chakula," Mama Shela akasema.

Rangi aligeuka. Mdomo ulikuwa wa Mama Shela, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya chini, iliyokauka kwa kuita.

"Nilimlaza pale penye joto, nikamfunika. Nikamwambia usifungue, usitoke, mtu akija mwambie nimetoka. Nilichelewa kidogo tu. Niliporudi mlango haupo. Nani aliyemwaga?"

Jina lilikuwa pale ulimini mwa Rangi. Alimwona kaka yake akiwa mvulana, anamgawia kipande kikubwa cha muhogo, akaling'ata lile jina.

"Unamficha," sauti ikasema, na haikuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Ni damu yako. Mimi pia ningemficha wangu. Usiseme. Moto una harufu, na mkono ulioumwaga huwa haunawi ukatakata. Nitaifuata."

Viganja vikaachia. Mama Shela akashtuka kama aliyeamshwa, akajishika koo, akauliza kwa sauti yake mwenyewe, "Nimesema nini?" Lakini Rangi alikuwa ameshatoka, anakimbia barabarani na kanga yake mkononi.

Kilio alikisikia kabla hajafika mlangoni kwa kaka yake. Kilikuwa chembamba, kama cha paka. Wifi yake alikuwa kitandani amempakata mtoto, macho yamemvimba.

"Wifi, sijui nimekosea wapi," akasema. "Maji yalikuwa ya vuguvugu tu, nimeyapima kwa kiwiko. Nilipomgusisha akalia kana kwamba namtia mafutani. Zahanati wamemwangalia, wamesema hawaoni ugonjwa. Sasa tazama."

Akafunua kitambaa. Viganja na nyayo za mtoto zilikuwa nyekundu, zimechubuka, kama za mtu aliyekuwa akisukuma kitu cha moto kwa mikono na miguu.

Msasa alikuwa amesimama koridoni, mgongo ukutani. Rangi alimvuta mpaka uani.

"Kaka, ulisikia nini kabla ya kumwaga?"

"Panya."

"Mimi ni mdogo wako, si mteja. Ulisikia nini?"

Msasa akasema, akiitazama mikono yake, "Niliinama na ndoo. Kikaacha kulia. Kikasema, 'Mama ametoka.' Hivyo tu, kama mtoto anayejibu mgeni mlangoni. 'Mama ametoka.' Nikaona nikisimama kusikiliza nitatoka pale sina akili. Nikamwaga. Na kilisema tena, dada, katikati ya kumwaga. Sikuacha."

Usiku ule hawakulala, wakipokezana mtoto, na kulipokucha walimwita fundi friji. Alikuwa mtu wa mtaani kwao, mwembamba, ovaroli yake inanuka gesi na mafuta ya mashine. Mchana alifufua majokofu. Akiitwa, aliongea na majini, kazi aliyorithi kwa bibi yake bila kuiomba, na hakupenda kusifiwa kwayo. Alimweka mtoto sikioni kama anavyotega sikio kwenye mtambo wa friji, akasikiliza tumbo lake, akamrudisha kwa mama yake kwa upole.

"Nipelekeni kwenye mlango," akasema.

Dukani alivua viatu, akatembea peku mpaka kona ya nyuma, akasimama kando ya lile doa. Mama Shela alimfuata na chetezo, akauliza afukize upande gani, amfukuze.

"Weka tu chini, mama," akajibu. "Mimi hufukuza majini waliovamia. Huyu hakuvamia. Alikuwa kwake. Waliovamia ni hawa wawili na mashine yao."

"Sasa tufanye nini?" Rangi akauliza.

"Anataka mwanawe. Ufungueni, mumpe. Na aliyemwaga aseme kwa kinywa chake alichofanya, asipunguze wala asiongeze. Msiba haupoi kwa ubani, dada. Unapoa kwa ukweli, tena si siku zote."

Msasa aliitazama ile sakafu, kazi nzuri kuliko zote za mikono yao, kisha akamtazama Mama Shela.

"Vunjeni," Mama Shela akasema. "Nimeuza furaha maisha yangu yote. Nani atavaa shela juu ya mtoto wa mtu?"

Wakavunja kwa patasi na nyundo, kaka na dada, bluu na fedha zikiruka vipande. Chini ya doa epoksi ilikuwa imeshuka mbali kuliko walivyodhani, ikajaza shimo la zamani lililokuwa chini ya tanuri, na walipoizungukia na kuing'oa ilitoka nzima, bonge moja la rangi ya asali, linalopitisha mwanga. Rangi aliliinua kwenye dirisha. Ndani hapakuwa na kitu. Palikuwa na nafasi tu, tupu, yenye umbo la mtoto aliyejikunja, magoti kifuani, kiganja kimoja kimenyooshwa mbele kama kinachozuia mlango.

Rangi alishindwa kulishika. Fundi friji alilipokea. Mama Shela akashusha shela moja kutoka kwenye sanamu, akaipasua bila kupima, wakalifunga bonge lile ndani yake.

"Sema," fundi friji akamwambia Msasa.

Msasa alipiga magoti kwenye vifusi. Joto lilipanda kutoka shimoni, na kwenye sehemu ya sakafu iliyobaki nzima, magauni yote yaliyokuwa chini yalikuwa yamegeuka, yanamtazama.

"Ni mimi niliyemwaga," akasema. "Ilikuwa bahati mbaya. Sikujua kama kuna mtu."

"Sema ulichosikia," fundi friji akasema.

Rangi alikuwa nyuma ya kaka yake. Alijua neno lililobaki, na angeweza kulisema yeye, au kumgusa bega tu.

"Sikusikia kitu," Msasa akasema. "Nilidhani ni panya. Sikujua."

Rangi hakumgusa bega.

Lile furushi likalala mikononi mwa fundi friji kama nguo iliyotolewa mtu ndani. Alilifungua. Bonge halikuwamo, wala chembe yake. Joto la shimoni likatoka pale pale, zege likawa zege. Simu ya Msasa ikalia. Ni mkewe, analia na kucheka, mtoto amepoa, wekundu umeondoka, amelala.

Mama Shela alishukuru. Msasa alikaa chini akafunika uso kwa mikono. Fundi friji peke yake hakufurahi. Alivaa viatu vyake polepole, na Rangi alipomsindikiza nje akamwambia, "Amepokea. Kupokea si kusamehe, dada. Kaka yako amemdanganya mama mbele ya maiti."

"Atafanya nini?"

"Ningekuwa najua ningekwambia. Jini akimjia mtu kwa jeuri, namweza. Aliyedhulumiwa sina dawa yake."

Siku za mwanzo zilikuwa njema. Mama Shela aliweka vigae vya kawaida kwenye kona ile, akaendelea na biashara. Kisha wifi akamwita Rangi chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani akifungua na kufunga vifungo vya blauzi.

"Wifi, hanyonyi," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu siku ile aliyopoa. Nikimpa ziwa anageuza uso. Si kwamba analia, anageuza tu, kama mtu aliyeshiba anayekataa kwa adabu. Maziwa yangu yamekauka."

"Mnampa nini, basi?"

"Hatumpi kitu. Uji anatema, chupa anatema. Mbebe uone."

Rangi alimbeba. Mtoto alikuwa mzito, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo ya unono. Pembeni mwa mdomo alikuwa na tone la maziwa meupe, mabichi. Rangi alilifuta kwa kidole akalinusa, likanuka mkate uliotoka tanurini sasa hivi.

"Ananyonya wapi, wifi?" mama mtoto akauliza. "Niambie wewe. Mume wangu haniambii. Tena mtoto kwa baba yake haendi kabisa. Akimgusa tu analia, kile kilio. Akimwachia, ananyamaza."

Hapo ndipo Rangi alipomweleza yote, hata lile neno ambalo kaka yake alilimeza. Wifi alisikiliza bila kudondosha chozi. Rangi alipomaliza, wifi akasema, "Mwambie kaka yako aende akamwambie yule mama. Leo."

Msasa alikwenda. Alilala kifudifudi juu ya vile vigae mchana kutwa, Mama Shela akiwageuza wateja mlangoni, akayasema yote. Alisema alimsikia. Alisema mtoto alijibu kwa adabu, akajibu mara mbili, na yeye hakuacha kumwaga. Aliomba achukuliwe yeye. Aliporudi nyumbani sauti ilikuwa imemwisha, na Rangi alipomuuliza kama amejibiwa, aliitikia kwa kichwa.

"Amesema nini?"

"Amesema nimlee vizuri," Msasa akasema. "Nimvishe, nimsomeshe, akiumwa nikeshe naye. Amesema hatamchukua. Nimeuliza kwa nini, basi, kama hanichukui mimi wala hamchukui yeye. Akasema, 'Ili uwe unamwona.'"

Hawakuhama, maana wangehamia wapi. Msasa aliacha epoksi, akawa anajenga kuta. Mtoto alikua, akakaa, akatambaa, mwenye afya kuliko watoto wote wa mtaa, mpole, mwenye macho yanayopita bega la mtu anayeongea naye. Baba yake alimnunulia nguo akamwachia mkewe amvishe, alimnunulia viatu akavipanga mlangoni, akajifunza kula akiwa ameketi mbali naye, upande wa pili wa chumba.

Alasiri moja Rangi aliwatembelea, akaketi na wifi yake wakichambua mchele. Msasa alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mtoto alikuwa katikati ya mkeka anachezea kifuniko cha sufuria. Akakiacha. Alitazama kona tupu ya chumba, uso ukamchangamka, akatambaa kidogo kuielekea, kisha akasimama, yeye ambaye alikuwa hajawahi kusimama, akanyanyua mikono yote miwili juu, vile mtoto anavyonyanyua akitaka kubebwa.

Nyayo zake zikaachana na mkeka.

Msasa aliinuka. Wifi alimshika mkono, akaukaza, sinia ya mchele ikamwagika mapajani mwake.

"Mwache," akasema kwa utulivu, akimtazama mwanawe aliyekuwa amelaza shavu juu ya bega ambalo halikuwapo, macho yanalegea kwa usingizi. "Ukimgusa atalia."